DNA ya mtoto: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu kipimo cha ubaba

Haya maswali yanaulizwa kila kukicha, kwenye magrupu, vijiweni, saluni, na mengi yanaishia kwenye matusi bila mtu kujibiwa. Kabla hujasoma shika hili kwanza: kipimo cha ubaba kinajibu swali moja dogo tu, huyu mwanaume anaweza kuwa ndo katoa nusu ya DNA ya huyu mtoto au hawezi. Nani alimsaliti nani, nani alee, nani arithi, hayo hayamo kwenye karatasi ya maabara.

Hivi wanaangalia nini hasa kwenye hiyo DNA?

Karibu kila seli mwilini mwako ina DNA seti mbili, moja ya mama moja ya baba, na kila seti ina herufi kama bilioni 3. Herufi zenyewe ni nne tu, A, T, G na C. Binadamu tunafanana kwa asilimia kama 99.9 kwahiyo kusoma zote ili ujue mtoto wa nani ni kuchoma hela, maabara wanaenda moja kwa moja kwenye zile sehemu ambazo watu tunapishana sana, ambapo kipande kifupi cha herufi kinajirudia rudia, wenyewe wanaziita STR.

Chukua mfano wa kweli. Kuna sehemu inaitwa TH01, iko kromosomu ya 11, ndani ya jeni ya enzaimu inayohusika na kutengeneza dopamini, ila imekaa kwenye kile kipande cha jeni ambacho kinaondolewa kabla protini haijatengenezwa, kwahiyo urefu wake haukufanyi uwe mrefu wala mjanja wala nini. Pale herufi AATG zinajirudia, AATG AATG AATG, kuna mtu anazo mara 6, mwingine 7, mwingine 9, na kuna toleo maarufu kabisa linaitwa 9.3, yaani marudio tisa kamili na nyongeza ya herufi tatu. Kila mtu ana namba mbili, moja kwa kila mzazi.

Tuseme mama ana 6 na 9.3, mtoto ana 7 na 9.3. Hiyo 9.3 kaitoa kwa mama, kwahiyo 7 lazima itoke kwa baba. Akija mwanaume mwenye 7 na 8 anabaki, akija mwenye 6 na 9 hapo kwenye TH01 anakataliwa. Sasa 7 wanayo watu kibao, ndo maana sehemu moja haitoshi, wanarudia hesabu hiyo hiyo sehemu nyingine na nyingine. Mfumo wa DNA wa polisi wa Marekani ulianza na sehemu 13 na tangu 2017 ziko 20, na vifaa vya kupimia ubaba vinavyotumika siku hizi vingi viko kwenye sehemu 20 hivi au zaidi.

Maabara wanafanyaje mpaka zipatikane hizo namba?

Watu wanasema "nimepimwa mate" lakini kinachotafutwa ni seli za ndani ya shavu, unasuguliwa na kijiti chenye pamba, haiumi, hata mtoto mchanga anafanyiwa.

Hizo seli zina DNA kidogo mno kwahiyo inabidi inakiliwe, na hapo ndo inaingia PCR ambayo wengi tuliisikia kipindi cha korona. Mchanganyiko unapashwa moto hadi kama nyuzi 95 ile DNA iachane pande mbili, unapozwa hadi karibu 60 ili vipande vidogo vya kuanzishia vinate pale vinapotakiwa tu, alafu unapandishwa hadi 72 enzaimu ijaze upande uliokosekana. Mzunguko mmoja nakala zinakuwa mara mbili. Zungusha mara 28 na kwa hesabu ya kwenye karatasi kila kipande kimoja kimezaa zaidi ya milioni 268! Enzaimu ya kawaida ingeiva kwenye joto hilo, inayotumika ilitoka kwa bakteria aliyekutwa kwenye chemchemi za maji ya moto za Yellowstone kule Marekani, yeye joto kalizoea.

Baada ya hapo vipande vinapitishwa kwenye kijibomba chembamba chenye umeme, vifupi vinawahi kufika virefu vinachelewa, na kwa vile vimewekwa rangi, leza inaviona vikipita na kompyuta inachora milima. Mlima ukisimama mahali pa 7 basi una 7. Pamoja na hizo sehemu za kurudia kuna moja ya kutambua jinsia, iko kwenye jeni ya enameli ya meno, toleo la kromosomu X ni fupi kwa herufi 6 kuliko la Y, kwahiyo mwanamke anatoa mlima mmoja na mwanaume miwili. Mimi hiki kitu nakipenda sana kwasababu ndo kinachowaumbua wajanja: sampuli imeandikwa "baba" alafu mlima mmoja tu, hapo maabara lazima waulize hii pamba kasugua nani.

Kwahiyo hiyo ndo kusoma jenomu nzima?

Hapana, na watu wanachanganya sana hapa. Kusoma jenomu nzima ni kupitia herufi zote bilioni 3. Mradi mkubwa wa kwanza ulianza 1990 ukatangazwa umekamilika 2003, ukala mabilioni ya dola, na hata hapo kulikuwa kumebaki mapengo kama asilimia 8 ambayo yalikuja kuzibwa 2022. Leo mtu mmoja anasomwa kwa chini ya dola elfu moja, lakini kwa ubaba bado huhitaji, ni kama kununua ng'ombe mzima kwasababu unataka supu ya kongoro.

Basi kipimo cha ubaba kitaonyesha na magonjwa yangu?

Hizo sehemu zilichaguliwa makusudi zisizobeba maelekezo ya protini. Haitaonyesha selimundu, wala HIV (hiyo ni virusi, haikai kwenye hizo namba), wala kabila lako.

Majibu yameandika 99.99%. Hiyo 0.01 imeenda wapi?

Haimaanishi kuna kasehemu kamwili ka mtoto kametoka kwa jirani. Maabara wanauliza hivi: haya yote yamelingana, je yana uwezekano mara ngapi zaidi kutokea kama huyu ndo baba, ukilinganisha na mwanaume mwingine yeyote aliyeokotwa tu mtaani asiye ndugu yake? Ikitoka mara elfu kumi, ukigawa 10,000 kwa 10,001 unapata hiyo 99.99. Kwa kawaida wanaanza kwa kudhani nusu kwa nusu, yaani kabla ya kipimo hawajamwamini baba wala mama. 100 haiwezi kuandikwa kwasababu kimahesabu huwezi kumaliza wanaume wote duniani.

Ila upande wa kukataa wanaandika 0 na hiyo ni sifuri kweli. Mtu asipolingana sehemu saba nane, hakuna namna.

Sehemu moja tu imegoma, zingine zote zimelingana. Nimetemwa?

Hapana, tulia. Wakati mbegu zinatengenezwa mashine ya kunakili DNA saa nyingine inateleza kwenye hayo marudio, baba ana 12 mtoto anapata 13. Inatokea kwa kiwango cha moja au mbili au zaidi kidogo kati ya elfu kwa kila sehemu, na inatokea zaidi upande wa baba kuliko wa mama maana seli za mbegu za kiume zinagawanyika maisha yote. Ukipima sehemu 20 na kitu, familia kadhaa kila mwaka lazima zikutane nayo. Ndo maana maabara makini hazikatai mtu kwa sehemu moja, wengi wanataka zisizopungua tatu, na ikiwa katikati wanaongeza sehemu za kupima. Ukiona karatasi imekukataa kwa kutolingana kumoja irudishe ukaulize.

Kuna siku kipimo kinadanganya kabisa?

Chanzo cha kwanza sio sayansi, ni watu. Sampuli zimebadilishwa, jina limekosewa, jamaa kamtuma rafiki akasuguliwe yeye. Kipimo cha kisheria kinachukuliwa na mtu wa maabara mwenyewe, kitambulisho mezani, picha, saini, kwasababu hiyo. Ukijichukulia chumbani ukatuma, utapata majibu ya pamba uliyotuma.

Cha pili ni ndugu. Kaka yako wa baba na mama mmoja mnashirikiana kama nusu ya DNA, kwahiyo kama mtoto ni wa kaka yako unaweza kulingana sehemu nyingi tu ukakaribia kupita. Kama kuna wasiwasi wa aina hiyo (aibu weka pembeni) waambie maabara mapema, ikiwezekana mpimwe wote wawili na mama awepo.

Mapacha wa kufanana je? Kwa kipimo hiki hamna kitu, namba zote sawa. Hapa sasa ndo kusoma jenomu nzima kunapata kazi: 2014 watafiti Ujerumani walichukua mapacha wawili na mtoto wa mmoja wao, wakasoma jenomu zao kwa kurudia rudia sana, wakakuta herufi tano zilizobadilika ambazo baba na mtoto wanazo na yule pacha mwingine hana. Tano kati ya bilioni tatu!

Alafu kuna watu, wachache sana, wenye DNA za aina mbili mwili mmoja. Jimbo la Washington Marekani, 2002, mama mmoja aliomba msaada wa serikali, wakapima familia, ikatoka kwamba watoto aliowazaa mwenyewe sio wake. Akashukiwa utapeli, mpaka alipojifungua mwingine akiwa anaangaliwa na mtu wa mahakama na yule naye akatoka "sio wake". Mwisho sampuli ya shingo ya kizazi ikaonyesha DNA nyingine, ile iliyolingana na watoto. Yeye mwenyewe alianza kama mimba mbili zilizoungana kuwa mtu mmoja. Na aliyewekewa uboho wa mtu mwingine, damu yake inabeba DNA ya aliyemtolea, kwahiyo sema kabla hawajakuchukua sampuli.

Group la damu halitoshi? Mimi O, mama O, mtoto A.

Group la damu linaweza kumkataa mtu, kumthibitisha haliwezi. O na O kupata A kwa kawaida haiwezekani, ila kabla hujavunja vyombo rudieni kupima hayo magroup yenyewe, kadi za kliniki zina makosa mengi, na kuna hali adimu ambapo mtu anasomeka O huku jeni ya A au B anayo, haionekani tu. Na hata likikukataa kihalali watu wanaweza wasisikie: 1945 huko California Charlie Chaplin alikuwa O, mama A, mtoto B, madaktari wakasema haiwezekani, baraza la mahakama likamwambia lea.

Mtoto hafanani na mimi hata kidogo.

Kufanana sio kipimo. Sura inajengwa na mamia ya jeni na wewe umetoa nusu tu, tena nusu iliyochanganywa upya kila mimba, ndo maana hata wewe na ndugu zako mnapishana.

Ila kuna hili la mtoto mwenye ualbino ambalo limevunja ndoa nyingi bure na linaniudhi. Baba anamwangalia mtoto anasema huyu wa mzungu. Jamani. Ualbino wa kwetu kwa sehemu kubwa unatokana na jeni inaitwa OCA2, kromosomu ya 15, na kosa lake la kawaida Afrika kusini mwa Sahara ni kipande cha herufi kama 2,700 kilichokatika. Ukiwa na nakala moja mbovu na moja nzima unakuwa mweusi wa kawaida kabisa na hujui. Mtoto ili awe na ualbino lazima apewe mbovu mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kwahiyo mtoto huyo kwa kawaida ameletwa na wazazi wote wawili, na mzungu asiye na kosa kwenye jeni hiyo angezaa na mama huyo wasingepata mtoto mwenye ualbino. Kila mimba ya wazazi kama hao ni robo, na robo haina kumbukumbu, mnaweza kupata wawili mfululizo.

Mzee amefariki na kuna watoto wamejitokeza msibani. Inawezekana kupima?

Inawezekana, ila kadri unavyotoka mbali na baba mwenyewe ndo majibu yanavyolegea. Kizuri zaidi ni sampuli ya marehemu iliyobaki hospitali. Ikikosekana, babu na bibi wazaa baba wote wawili wakiwa hai ni karibu sawa na kumpima yeye. Watoto wa kiume wanaweza kulinganishwa kromosomu Y, hiyo inatoka baba kwenda mwana karibu bila kubadilika, lakini kumbuka baba mdogo na baba mkubwa na binamu wa upande wa kiumeni wote wanayo hiyo hiyo, inathibitisha ukoo sio mtu. Mabinti wa baba mmoja wana bahati yao, baba ana X moja tu kwahiyo lazima wote wawe nayo. Ndugu wa baba mmoja kwa hesabu ya kawaida inaweza kutoka majibu ya katikati, "inaelekea", na mahakamani "inaelekea" ni mwanzo wa ugomvi mwingine.

Kufukua kaburi ni hatua ya mwisho na inahitaji kibali. Mfupa na jino vinaweza kutoa DNA, ila udongo wa joto na unyevu kama wa pwani unaiharibu haraka.

Tena kesi ya kwanza duniani ya kupima DNA ya familia ilikuwa ya hivi hivi, baba hayupo. Alec Jeffreys wa chuo kikuu cha Leicester Uingereza aliiona "alama ya kidole" ya DNA kwenye filamu ya eksirei asubuhi ya tarehe 10 Septemba 1984, na mwaka uliofuata wakamletea kijana wa Ghana aliyezuiwa kurudi kwa mama yake, uhamiaji wakidai sio mtoto wake. Jeffreys akampima mama na watoto wengine watatu, akabashiri DNA ya baba kupitia hao ndugu, na kijana akaruhusiwa.

Naweza kupima mimba ikiwa bado tumboni?

Ndio, na siku hizi bila sindano ya tumboni. Mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha 1997 kwamba vipande vya DNA ya mtoto vinaelea kwenye damu ya mama, kwahiyo unachukua damu ya mkono wa mama na sampuli ya baba. Hapa hawatumii yale marudio, wanasoma maelfu ya herufi moja moja maana vipande ni vifupi mno. Ni ghali na sio kila maabara inafanya.

Nywele, kucha, mswaki?

Mswaki ndio, kucha ndio. Nywele lazima ziwe na mzizi, zilizokatwa kinyozi hazifai kwa ubaba, zina DNA ya mitokondria ambayo inatoka kwa mama tu.

Mapacha wanaweza kuwa na baba wawili?

Ndio, wale wasiofanana. Mayai mawili yametoka mzunguko mmoja, wanaume wawili ndani ya siku chache. Ni nadra ila imethibitishwa mara kadhaa, kwahiyo pimeni wote wawili, sio mmoja.

Naweza kumpima mtoto kimyakimya bila mama kujua?

Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi dirishani na pamba yako mfukoni, maombi yanapitia mamlaka inayotambulika kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Kenya mahakama inaweza kuagiza, na maabara binafsi zipo. Ufaransa ukipima ubaba bila amri ya jaji ni kosa la jinai kabisa, hata ukitumia kifaa cha kupimia cha kuagiza mtandaoni, kwahiyo mlioko Marseille muwe macho.

Na kidini mtoto ni wa nani, hilo muulize kadhi au padri wako, maabara haitoi fatwa.

Ni kweli nusu ya wanaume wanabambikiwa watoto?

Asilimia zinazozunguka mitandaoni zinatoka kwenye maabara, na anayekwenda maabara ni yule ambaye tayari ana wasiwasi. Ni sawa usimame mlango wa kliniki ya malaria uhesabu alafu utangaze nchi nzima ina homa. Watafiti waliofuatilia koo za Ulaya magharibi kwa kromosomu Y kwa vizazi vingi wanapata karibu asilimia 1 kwa kizazi.

Iko jamii moja iliyopimwa ikatoka juu kweli, Wahimba wa Namibia, utafiti wa 2020 ulipata asilimia 48. Lakini kule wapenzi wa nje wanajulikana, na wazazi walipoulizwa kabla ya majibu, baba na mama walikuwa wanajua vizuri tu mtoto yupi ni wa nani. Wengi hawakubambikiwa kitu.

Ubalozi wametuambia tupime DNA ili watoto waje Marekani. Na mmoja ni wa marehemu dada yangu.

Hili sema mapema, kabla ya kusuguliwa pamba. Wanakubali kuanzia asilimia 99.5, maabara iwe na kibali cha AABB (shirika la Marekani linalokagua maabara), na sampuli inachukuliwa chini ya usimamizi wa ubalozi. Mwaka 2008 walifanya majaribio Nairobi kwa wakimbizi, wengi Wasomali na Waethiopia, familia nyingi hawakuthibitishwa wanafamilia wote, na ule mpango wa kuunganisha familia ukafungwa mpaka 2012. Kulikuwa na udanganyifu ndani yake, ndio, lakini kwetu mtoto wa dada aliyefariki anaitwa mwanangu na analala kitanda kimoja na wangu, na fomu ikiuliza "mtoto" mtu anaandika mtoto. Muandike kama mtoto wa dada unayemlea, tafuta cheti cha kifo na karatasi za ulezi, na umpate wakili wa uhamiaji kabla ya ile siku ya pamba maana ukishatoka "sio mzazi" kujieleza kunakuwa kugumu mara kumi.